Njia ya Gari ya Mtu Asiye na Gari

Kijiji kizima kilimwita Dereva, na gari hakuwa nalo. Hata baiskeli hakuwa nayo. Alikuja kwetu, upande wa Kwaluguru, miaka ile ya Operesheni Vijiji, nyumba zilipokuwa zikipangwa kwa kamba kama mistari ya mahindi, na mtu aliyezoea kuishi peke yake katikati ya mihogo yake akajikuta anamsikia jirani akikohoa. Alishuka kwenye lori na sanduku la bati, kitanda cha kamba, jembe na sururu. Alipoonyeshwa kiwanja chake hakuuliza mlango utatazama wapi, wala choo kitachimbwa wapi. Aliuliza, "Gari litapita wapi?"

Watu wakacheka. Mimi pia nilicheka. Nilikuwa sijamaliza hata mwaka tangu niolewe kutoka Korogwe. Mume wangu ndiye aliyekuwa muuzaji wa duka la kijiji, na kiwanja chetu kilikuwa chini ya kile cha mzee huyo, kwenye mteremko uleule. Kicheko changu kilidumu mpaka masika.

Alikuwa ameendesha malori ya mkonge huko Mazinde tangu kabla ya Uhuru, na baada ya Uhuru akaendelea, mpaka mkonge ulipoanguka bei na watu wakapunguzwa. Kazi ilimwacha, yeye hakuiacha. Kila alipotoka ndani alisimama kwanza mlangoni, akatazama kulia, akatazama kushoto, ndipo akakanyaga uani, ambako hakuna kilichokuwa kinapita isipokuwa kuku wangu. Jioni, kabla ya kulala, aliizunguka nyumba yake akiigusagusa kwa mguu kila pembe, kama anayekagua magurudumu. Alikaa wima, mikono miwili magotini, kama mtu anayesubiri mzigo umalizwe kupakiwa. Kwenye mkutano wa kijiji, mtu akipandwa na hasira, sauti ya Dereva ilisikika kutoka nyuma, taratibu: "Punguza gia, ndugu." Kijana mmoja aliyekuwa hodari wa maneno na mlegevu wa jembe alimwita Ngurumo. "Injini inanguruma," alisema, "lakini gari liko palepale." Nikimpelekea ugali na mlenda alikula kimya, akanawa, akasema, "Tanki limejaa, mama. Mungu akuzidishie." Hakusema zaidi ya hapo, na sahani aliirudisha mwenyewe, safi, imefunikwa.

Lakini mtu huyu aliyezungumza magari kutwa, ndani ya gari hakuingia. Trekta la kijiji lilipokuwa linakwenda Handeni, watu wakigombea nafasi kwenye tela, yeye alikuwa ameshaondoka alfajiri kwa miguu. Malori yalimpita njiani, madereva waliomfahamu tangu Mazinde wakasimama na kumwita. Aliwapungia mkono wapite. Nilimuuliza mume wangu sababu. Akasema, "Labda anaona wanaendesha vibaya." Tukaliacha hapo.

Njia yake ya gari aliianza kabla ya kuta za nyumba kukauka. Ilitoka barabara ya kijiji, ikapanda mteremko moja kwa moja, ikapita kando ya jiko langu, ikaishia mlangoni kwake. Aling'oa visiki, akavunja vichuguu na kutandaza udongo wake, akashindilia kwa gogo. Pande zote mbili alichimba mitaro iliyonyooka kama kamba. Ilikuwa njia nzuri. Wasichana waliacha njia yao ya kisimani wakawa wanapita pale, maana hakukuwa na miiba. Yeye alisimama juu, mikono kiunoni, akiitazama. Nadhani ni mara pekee niliyomwona anajisifu, na hata hapo hakusema neno.

Nchi yetu ile mvua haizoeleki. Mwaka huu inakuja, mwaka ujao inakukimbia, na miaka ile ilitukimbia mno. Wingu likitanda upande wa milima ya Usambara, watu wazima walitoka nje wakalitazama kwa macho ya ombaomba. Ilisomwa dua ya kuomba mvua, Waislamu tukakusanyika, na hata wafugaji wa bondeni, ambao si wa dini yetu, wakaja wakasimama pembeni kwa heshima. Dereva alikuwepo. Aliinua mikono, akaitikia amina kwa sauti kuliko wote. Dua ilipokwisha, wengine walibaki wakisalimiana, yeye alikwenda moja kwa moja nyumbani akachukua jembe. Jirani mmoja akamtania: "Mzee, unaiomba au unaiogopa?" Akajibu bila kugeuka, "Vyote viwili."

Mvua ilikuja. Ilikuja ya kulipiza. Asubuhi nilipoamka niliweka mguu chini nikakuta maji. Nilikimbilia jikoni: mafiga yamezama, vifaranga vimekufa, na unga wetu wa yanga, ule wa mahindi ya njano tuliokuwa tunaupata kwa kupanga foleni, umekuwa uji mbichi. Nilitoka nje nikaona. Ile mitaro miwili mizuri iliyonyooka ilikuwa imeyakusanya maji ya mlima mzima, ikayapa mbio, ikayamwaga yote kwangu. Mmojawapo ulikuwa umeshachimbika ukawa korongo, na njia yenyewe imeliwa nusu.

Nilipanda mlangoni kwake, khanga imelowa mpaka magotini.

"Shikamoo," nilisema, maana hata ukiwa na hasira mkubwa ni mkubwa.

"Marahaba, mwanangu. Umeamkaje?"

"Nimeamka ndani ya maji, mzee. Njia yako imehamia jikoni kwangu. Mume wangu yuko Korogwe kufuata sukari ya duka, mimi nina mimba, na unga wa wiki nzima umekwenda. Hilo gari lenyewe liko wapi, nilione, nijue tunateseka kwa ajili ya nini?"

Alishuka nami, akasimama mlangoni mwa jiko, akatazama mafiga, akatazama unga. Kisha akageuka akaondoka, nami nikabaki nikisema peke yangu, nikiamini amenidharau. Baada ya muda alirudi na beseni kichwani, limefunikwa kwa kitambaa. Ulikuwa unga wake wote. Baadaye nilikuja kujua kwamba kwake hakubakiza hata wa kukoroga uji. Mkononi alikuwa na jembe.

"Nimekosa," alisema. "Nilifikiri nayaondoa kwangu, kumbe nayaleta kwako. Maji hayaondoki, mama. Yanahama tu."

Akaanza kuchimba palepale mvua ikiendelea kunyunya.

Alichofanya baada ya hapo nilikiona kwa macho, kwa sababu alikifanya mbele ya jiko langu msimu wote, na kwa sababu kila alipomaliza kipande alikuja kuniuliza kama naridhika. Njia iliyonyooka aliifuta. Akaitengeneza upya ikipanda kwa kukata mteremko upande, kama nyoka anayepanda ukuta. Katikati akaipa mgongo, ili maji yasitembee juu yake bali yateleze pembeni. Kila hatua kadhaa alilaza tuta fupi la mshazari, la chini kiasi cha gurudumu kupita bila kuruka, na kila tuta liliyachukua maji na kuyatoa kando yakiwa bado machache, bado mapole. Pale yalipotokea alipanga mawe ili yasichimbe. Mabega ya njia aliyapanda ukoka, akiuchukua bondeni kwa karai, kipande kwa kipande. Mahali mtaro ulipolazimika kuvuka njia alizika pipa la mafuta lililotobolewa pande zote mbili. Na mpakani mwetu alichimba shimo pana, akalijaza mawe na kokoto, ili yale yatakayotuponyoka yazame humo.

Ng'ombe wa mfugaji mmoja wa bondeni walipita siku moja wakayavunja matuta yake yote. Dereva alitukana. Alikuwa na matusi ya Mazinde, ya mchanganyiko wa makabila yote yaliyokata mkonge. Mfugaji yule, mtu mrefu wa maneno machache, alimsikiliza mpaka mwisho, akaswaga ng'ombe wake akaenda. Kesho yake alirudi na punda wawili wamebeba mawe ya mtoni. Akayamwaga, akasema, "Haya hayavunjiki." Wakakaa chini wakanusa ugoro pamoja, na tangu siku ile wakawa hawapitani bila kusimama. Ndivyo alivyokuwa. Unga wake wote alinipa, lakini jembe lake hakumwazima mtu. Kwa maji alikuwa na subira ya ajabu, kwa watu hakuwa nayo. Ukimsifia njia aliondoka katikati ya maneno yako.

Habari ya mke wake aliniambia siku tuliyopanda migomba kando ya lile shimo la mawe. Mimba ilikuwa imekua, mimi nikimshikia tu machipukizi, yeye akifukia. Nilikuwa nimeshamsamehe kitambo, tukawa tunataniana kwa Kisambaa changu na Kizigua chake, maji tukiyaita mazi. Aliniambia, "Angalau mazi ni mazi, kwenu na kwetu." Nikacheka. Kisha nikamuuliza, kwa wema tu, kama aliwahi kuoa.

Aliendelea kufukia. Nilidhani hakusikia.

"Huko Mazinde," alisema baadaye, "sikukaa kambini. Nilijenga kilimani, nje ya shamba la mkonge, nikitaka mke wangu awe na bustani. Mimba ilikuwa ya kwanza, kama hiyo yako. Alikuwa ananiambia kila siku: baba, maji yanakula njia. Namwambia, nitatengeneza Jumapili. Jumapili ikifika nimechoka, nalala."

"Ikawaje, mzee?"

"Uchungu ukamshika kwenye mvua. Nikaomba lori, nikapewa. Nikapanda nalo mpaka karibu na nyumba. Karibu, mama, kama kutoka hapa mpaka duka la mumeo. Njia ikakatika chini ya gurudumu la mbele, lori likalala kwenye korongo. Nikakanyaga mafuta, likazidi kuzama. Yeye alikuwa amesimama mlangoni, amejifunga khanga, ananitazama. Ananitazama tu."

Alisawazisha udongo kwenye shina la mgomba kwa kiganja, taratibu, kama anayempapasa mtoto.

"Tulimbeba kwa kitanda mpaka barabara kuu. Tulipata gari la watu. Korogwe hakufika. Wala mtoto." Akachukua chipukizi jingine. "Nilikuwa najua gari lote, mpaka skrubu yake ya mwisho. Njia ya kwangu mwenyewe sikuitazama."

Nilisema, "Mungu amrehemu." Akaitikia amina, akanyanyuka, akaniambia nisibebe ndoo nzito.

Tangu siku hiyo sikumuuliza tena gari liko wapi.

Binti yangu Zaina alizaliwa kiangazi, salama, mikononi mwa mkunga wa kijiji. Dereva alimwita "Abiria." Hakumbeba, alisema mikono yake ina sugu zitamkwaruza. Lakini kila asubuhi alipopita kwenda kukagua matuta aliuliza, "Abiria kaamkaje?" nami nikimjibu kaamka vizuri aliitikia kwa kichwa kana kwamba nimempa ripoti ya kazi.

Masika yaliyofuata Zaina alishikwa na homa. Mchana ule joto likapanda, akaanza kukakamaa, macho yakageuka, povu mdomoni. Degedege. Mvua ilikuwa inanyesha tangu alfajiri. Land Rover ya zahanati, kwa rehema ya Mungu, ilikuwa kijijini imeleta dawa za chanjo, na mume wangu akakimbia kuifuata. Ikafika chini barabarani ikasimama. Aliyeiendesha alikuwa kijana wa mjini. Alitoa kichwa dirishani akaitazama ile njia inayopanda, na mvua inavyomiminika, akapiga kelele: "Sipandi hapo! Mleteni mtoto huku!"

Kutoka kwetu mpaka barabarani kwa mkato kulikuwa na bonde dogo, na siku ile lilikuwa mto; kufuata mzunguko wa njia ya gari kwa miguu kungemchelewesha mtoto na kumlowesha. Mume wangu hakujua arudi au asimame. Mimi nilikuwa mlangoni na mtoto kifuani, ameshaanza kulegea.

Ndipo nikamwona yule mzee. Alikuwa katikati ya njia yake, kichwa wazi, shati limegandamana na mwili, ameinua mikono miwili.

"Panda!" alimpigia kelele yule kijana. "Gia ya chini! Shika mgongo wa njia, usishuke pembeni! Njoo kwangu!"

"Mzee, nitakwama!"

"Ukikwama, nizike humo humo! Njoo!"

Akaanza kupanda kinyumenyume, akimwita kwa mikono, kulia kidogo, kushoto kidogo, na gari likamfuata. Nililiona likifika kwenye tuta la kwanza, likanyanyuka, likashuka. Maji yalikuwa yanakimbia pembeni yote, mekundu kama damu ya mbuzi, lakini juu ya njia hayakuwepo. Lilipita juu ya pipa. Likakunja kona. Likasimama mbele ya jiko langu, injini inanguruma, na mlango ukafunguliwa.

Niliingia na mtoto. Mume wangu akaingia. Nilimwita, "Mzee, ingia, twende!" Alikuwa ameweka kiganja juu ya boneti, mvua inamchuruzika usoni. Alitikisa kichwa.

"Nendeni, mama. Nendeni na Abiria."

Zaina alipona. Tulikaa hospitali Korogwe mpaka homa ikamtoka. Niliporudi nilikwenda kwa Dereva kabla hata ya kutua mzigo, mtoto mgongoni, maneno ya shukrani nimeyapanga tangu njiani. Nilimkuta amechuchumaa kwenye kona na jembe lake.

"Tazama," aliniambia, bila salamu. "Yule kijana hajui kukata kona. Tazama alivyolivunja bega."

"Mzee, nimekuja kukushukuru."

"Nishikie hili jiwe."

Nikamshikia jiwe. Majirani ndio walioniambia kwamba siku ile, gari lilipoondoka, alikaa chini palepale njiani kwenye mvua. Wakamwita aingie ndani, hakuinuka. Mfugaji wa bondeni ndiye aliyekuja akakaa naye, shuka lake moja likiwafunika wote wawili, mpaka mvua ilipokatika.

Miaka ikaenda. Ujamaa ukapoa, watu wakaanza kurudi mmoja mmoja kwenye mashamba yao ya zamani, duka la kijiji likafungwa, na sisi tukahamia Korogwe kwa ndugu zangu. Tulipoagana alitazama kando tu, akanipa machipukizi ya mgomba. Hayakushika, udongo wa kwetu mjini ulikuwa mwingine. Nyumba tuliyojenga ina uwanja, na kila masika maji yanajaa mbele ya mlango. Wanangu wamemwaga saruji, wameleta fundi, fundi kaleta fundi mwenzake. Mimi hukaa barazani nikitazama maji yasivyojua pa kwenda, na ninamtamani mtu mmoja tu atoke kwenye mvua na jembe aniulize kama naridhika.

Mara ya mwisho nilimwona hapo hapo Korogwe. Nilisikia kwamba mpwa wake, binti wa dada yake, amemchukua akae naye karibu na reli. Nikaenda. Nilimkuta ameketi kwenye mkeka, amekonda, macho yamefifia, lakini mikono iko magotini vilevile.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nani huyo?"

"Mama Zaina. Wa jikoni."

Alicheka mpaka akakohoa. Aliuliza habari za watu wote, waliokufa nikamwambia wamekufa. Aliuliza Abiria, nikamwambia anafundisha shule, Lushoto, na ana mchumba. "Lushoto," alisema. "Kona nyingi huko. Mchumba awe mtu mtaratibu." Tukanywa chai. Kwa sehemu kubwa ya mchana tulinyamaza pamoja, kama watu wanavyonyamaza wakiwa wameishi ukuta kwa ukuta.

Nilipoaga akachukua fimbo akasema atanisindikiza. Mpwa wake akanikonyeza nimkatalie, sikuweza. Tukaenda polepole mpaka kwa fundi cherehani wa kona. Nilimwona amechoka, nikasema, "Sasa ngoja nami nikurudishe." Nikamrudisha mpaka mlangoni. Pale akasimama.

"Haiwezekani," alisema. "Mgeni anisindikize mimi? Twende."

"Mzee, tutasindikizana mpaka lini?"

"Mpaka mmoja achoke."

Tukatoka tena, tukicheka kama watoto, watu wakitutazama. Safari hii hatukufika kwa fundi cherehani. Katikati ya njia alisimama, akaegemea fimbo, kifua kinapanda na kushuka. Nikamshika mkono akautoa taratibu.

"Nenda sasa, mama Zaina. Mimi nasimama hapa."

"Utarudije?"

"Nitarudi. Wewe nenda, na usigeuke kuniangalia nikirudi."

Nilimwelewa. Nilimuaga, nikaenda, sikugeuka. Habari ya kifo chake ilinifikia wakati wa vuli, wakiwa wameshamzika kwao Handeni. Waliokuwa wanamfahamu huniuliza nilimwacha katika hali gani. Ninawaambia nilimwacha amesimama.